Walburga Anaona Chenga

Dada yangu Walburga si mtu wa kuogopa. Hilo ulijue kwanza, maana usipolijua hutaelewa kwa nini mimi nilikosa raha. Mwizi aliwahi kuingia kwake, hapa Msamala, mchana kweupe, akamkuta anapiga pasi sare za kwaya. Walburga alimkimbiza mpaka barabarani na ile pasi ya mkaa mkononi, makaa yanadondoka njia nzima, na mwizi akaacha ndala zake zote mbili. Dada alizivaa zile ndala mpaka zikaisha. Urban, mumewe, alipofariki, ndugu wa mume walikuja wakawa wanaikagua nyumba chumba kwa chumba. Aliwapikia wakashiba, akawasindikiza stendi na mizigo yao, akawapungia mkono. Hawajarudi. Mimi ni mdogo wake, naitwa Imaculata, na tangu tukiwa watoto kwetu Hanga kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma yake nimeshika sketi yake. Sasa mtu wa namna hiyo akianza kuogopa, wewe uliyezoea kujificha nyuma yake utajificha wapi?

Kilichomtia hofu ni televisheni. Cheka tu, hata mimi nilicheka.

Ana mtoto mmoja, Sixbert, anafanya biashara ya madini kule Tunduru. Ni kijana mwenye mapenzi na mama yake, sema tu mapenzi yake yana kishindo. Mwezi wa tano mwaka huu akamtumia TV kwa basi, flati kubwa pamoja na king'amuzi chake, ndani ya boksi ambalo wabeba mizigo walilipokea kama wanapokea mgonjwa. Fundi aliifunga ukutani sebuleni, pale ilipokuwa picha ya Bikira Maria, na Bikira Maria akahamia juu ya mlango wa chumbani. Ile TV yake ya zamani, chogo dogo lililokaa juu ya kabati na kitambaa cha kufuma tangu Urban yu hai, alipewa Hironimus, katekista wetu. Hironimus akalipeleka kijijini kwao siku ileile, kabla dada hajabadili mawazo.

Jumapili iliyofuata jumuiya yetu ikasali kwake. Ilikuwa zamu yake kweli, lakini nisikudanganye, siku hiyo walikuja hata wale ambao huwa tunawaona Pasaka na Krismasi. Rozari ilisaliwa haraka mpaka nikaona aibu. Kisha TV ikawashwa, na Kajetani, mwenyekiti wa jumuiya, akakaa mbele kabisa na mikono juu ya magoti, kama ndiye aliyeinunua.

"Mama Sixbert," akasema, "mtoto ametutoa kimasomaso."

"Ametutoa," wakaitikia wote.

Leticia, jirani wa ukuta kwa ukuta, akasema picha ni nzuri mno. Mathias akasema utadhani uko hapohapo uwanjani. Na mimi nikasema, na nilisema kwa moyo wangu wote, kwamba picha ni safi, mtangazaji kama yuko humu ndani anasubiri chai. Dada alikuwa amesimama mlangoni na birika. Akaitazama ile TV, akatutazama sisi, akaitazama tena.

"Mimi naona chenga tu," akasema.

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Unajua watu wanavyosema mtu akizidiwa na mambo, kichwa kikimzunguka, kwamba anaona chenga. Tukadhani ni furaha. Kajetani akasema hata angekuwa yeye angeona chenga, mtoto akimfanyia hivyo. Hakuna aliyekumbuka kwamba chenga kabla ya kuwa utani ni zile punjepunje zinazojaa kwenye TV, na kwamba yule mama alikuwa anatuambia kitu anachokiona kwa macho yake. Akacheka na yeye, akamimina chai, na akamwaga nyingine kwenye sahani.

Kuanzia siku hiyo akapoa. Nilikuwa nikipita kwake kila jioni kabla jua halijazama, maana si mbali, na nikifika namkuta amekaa mbele ya TV bila kuitazama kama watu wanavyotazama TV. Anasogeza kiti mbele. Anarudisha nyuma. Anafumba jicho moja, anafumba la pili, anafuta miwani yake ya kushonea kwa pindo la khanga, anaivaa, anaivua.

"Ima," akaniuliza siku moja, "huyo mtangazaji amevaa hereni?"

"Akivaa hereni wewe inakuhusu nini? Zako?"

"Nauliza tu."

"Uliza mambo ya maana."

Hakuuliza tena. Mimi nilikuwa na hasira zangu siku hizo, sikatai. Nassoro wa dukani alikuwa ananiuzia mchele wa ajabu, nachambua mpaka mgongo unauma, na bado wajukuu wanauma mawe mezani na kunitazama mimi. Mathias alikuwa amenuna eti nilimpita barabarani bila salamu, wakati yeye ndiye aliyenunua koti jipya na kutembea nalo kama mtu wa wizara, mtu utamjuaje? Na hizi balbu za siku hizi, unawasha taa unabaki kuuliza kama umeme umerudi. Kwa hiyo dada aliponyamaza nikasema atajua mwenyewe.

Ndipo Dorine, binti yangu, akaja na habari kwamba mama mkubwa amerudisha vitambaa vya WAWATA, chama cha akina mama Wakatoliki. Vyote. Sare za parokia nzima, ambazo Walburga huwa hamwachii mtu hata akiwa na homa. Amewaambia watafute fundi mwingine.

Nilikwenda kwake na mdomo umejaa. Nikazunguka nyuma ya nyumba, maana mchana huwa yuko jikoni, na kabla sijafika mlangoni kitu kikanikamata tumboni nusura nianguke chali. Ilikuwa kamba. Kamba ya manila, imefungwa kwenye nguzo ya mlango wa jikoni, imepita uwanja wote mpaka mlango wa choo, imekazwa sawasawa.

"Nani ameweka mtego hapa?" nikauliza.

"Ya kuanikia," dada akajibu kutoka ndani.

"Usawa wa kiuno? Unaanika nini, soksi?"

"Khanga fupi."

Nilitaka kumjibu, lakini mkono wangu ulikuwa bado umeishika ile kamba, na mkono ukaitambua kabla yangu. Niliwahi kuishika kamba kama hiyo, urefu uleule, usawa uleule, nikiwa msichana.

Mama yetu alikufa kipofu. Ilimwanzia mbali. Kwanza hakuwajua watu waliotoka upande wa abasia ya watawa, aliwajua wakishafika kwenye migomba, kisha wakifika uwanjani, kisha wakisema hodi. Lakini alificha. Mtu akija na nguo mpya, mama anamwambia umependeza, hata hajakaribia, na watu wakawa wanamsifu kwa roho yake nzuri. Kumbe alikuwa anasifia asichokiona ili asiulizwe. Aliendelea hivyo mpaka jioni moja alipoingia ndani akalisalimia koti la baba lililotundikwa kwenye msumari. Akaliuliza limerudi saa ngapi, akalivutia kigoda. Baba alikuwa nyuma yake na jembe begani. Sitasahau sauti ya baba alipouliza, "Unaongea na nani?"

Baada ya hapo ndipo kamba ikafungwa. Mama akawa anazijua saa kwa kengele za watawa, na njia kwa ile kamba, na sisi watoto kwa vidole. Kila asubuhi alikuwa akitupapasa nyuso, vidole vinanuka moshi, vinapita kwenye macho, kwenye pua, mpaka aseme jina. Nilikuwa naviogopa vile vidole. Hakuna aliyempeleka hospitali. Wengine walisema ni uzee, na hakuwa mzee, wengine walisema amefanyiwa. Alijimwagia uji wa moto akaungua paja, akawa hatoki tena.

Kwa hiyo sikumgombeza dada. Niliingia jikoni nikakaa juu ya ndoo.

"Ni nini?" nikamuuliza.

"Nimeanza, Ima."

"Umeanza nini?"

"Alichoanza mama."

Akaniambia yote. Kwamba tangu TV ije anaona nyuso za watu zimevimba na kufifia, kama zimemwagiwa maji. Majani ya uwanja wa mpira anaona uji wa kijani. Maandishi yanayopita chini yana manyoya. Kwa karibu bado anaona, sindano anaitunga, lakini hata mama alianzia mbali. Mwanzo alidhani ni TV, ndiyo maana siku ile akasema. Lakini watu wote walikuwa wanaiona vizuri. Kajetani, Leticia, Mathias, wote.

"Na wewe," akasema. "Wewe hujui kunisifia kitu kibaya. Uliposema picha ni safi, nikajua ni mimi."

"Labda umechoka tu."

"Nilitoka asubuhi nikaitazama milima ya Matogoro. Sikuiona."

"Dada, huu mwezi wa sita. Nani anaiona Matogoro mwezi wa sita na ukungu huu?"

"Wewe unaiona?"

Nikatoka mlangoni nikatazama. Kweupe. "Ukungu," nikamwambia, na yeye akatikisa kichwa kama mtu aliyejua atajibiwa hivyo.

Nilimwambia twende hospitali. Akakataa. Nikamwambia daktari hang'ati. Akakataa. Nikamwambia nitampigia Sixbert, na hapo akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu mpaka kikauma.

"Sixbert akinipigia ananiuliza, mama unaionaje TV, na mimi namwambia naiona vizuri, baba. Anafurahi. Unataka nimwambie nini? Kwamba ameninunulia kitu ambacho macho yangu yamekataa? Na hospitali sitaki. Sasa hivi bado naona. Siku nikiambiwa, nitakuwa kipofu kuanzia siku hiyo."

Hakuwa analia. Afadhali angelia. Alikuwa anaongea polepole, na hofu ikaingia kwangu sawasawa kama imeombwa iketi. Nilikuwa namwogopea yeye. Nilimwona amekaa kwenye mkeka kama mama, anauliza nani huyo, nani huyo. Na sitakudanganya, nilijiogopea na mimi, maana mama alikuwa mama wa sote wawili. Lakini lile wazo nilikuwa nikilifukuza. Nilijiambia kama ugonjwa unataka mtu mmoja katika nyumba, basi umeshampata. Wazo baya, lakini ndilo nililokuwa nalo.

Wiki zile zilikuwa mbaya. Kila nikienda kwake nakuta kitu. Siku moja nilipiga hodi mara nyingi bila kujibiwa, nikaingia, nikamkuta katikati ya sebule amejifunga kitenge machoni, amezungushia mara mbili. Mkono mmoja mbele, mwingine ukutani. TV inaongea, yeye anatembea kuelekea chumbani akihesabu kwa mdomo bila sauti. Nikasimama. Alipita karibu yangu kabisa, kitenge kikanigusa bega, akasimama.

"Nani huyo?" akauliza.

Sauti ilikuwa ya mama. Akanyoosha mkono, vidole vikanifikia shavuni, vikapanda mpaka puani.

"Ima," akasema, akakivua kitenge. "Kumbe inawezekana. Nimekujua kwa pua."

Nilimsukuma nikatoka nje nikatapika kwenye migomba. Hakuja kunifuata. Niliporudi alikuwa mezani, macho wazi, anatunga sindano huku ametazama pembeni. Analowesha uzi kwa ulimi, anabana tundu la sindano katikati ya kidole gumba na cha pili, anausukuma uzi kwa kupapasa. Akafaulu. Akanionyesha. Alikuwa na lengelenge kubwa la moto kwenye kiganja, kutokana na kuepua sufuria bila kutazama, na bado alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililonimaliza.

"Kushona kwa kupapasa sitaweza," akasema. "Nitaharibu nguo za watu. Cherehani nakitoa parokiani, wapewe mabinti wanaojifunza. Nitasema jumuiya ikija."

Cherehani kile, naomba uelewe, ndicho kilichomsomesha Sixbert. Urban alikuwa dereva, leo yuko Mbinga, kesho yuko Njombe, na mshahara wake ulikuwa unasafiri kuliko yeye. Aliyelisha nyumba ile ni Walburga na mguu wake juu ya pedeli. Nikizungumza naye mchana huwa hainui kichwa, anajibu huku anashona, na nisiposikia lile gurudumu nadhani hayupo. Kukitoa kile ni sawa na kuniambia amekwisha.

Nikamwomba asubiri. Nikasali novena ya siku tisa, mimi ambaye novena huwa zinanishinda katikati. Nikamwambia tena habari ya hospitali, akanuna. Zamu ya jumuiya ikamrudia, kwa sababu Leticia alikuwa amefiwa na akaomba wabadilishane.

Jumapili hiyo alioga, akavaa gauni lake zuri, akakifunika cherehani kwa shuka jeupe na kukisogeza katikati ya sebule. Watu walipoingia wakakitazama, hawakuuliza. Mimi nilikaa karibu na mlango. Rozari yangu ilikuwa inateleza kwa jasho, na kila Salamu Maria niliyoisema nilikuwa najua inatusogeza mwisho. Tulipomaliza, Kajetani akawasha TV kama kawaida yake, ili tusikie habari wakati chai inakuja. Dada akasimama kando ya lile shuka.

"Nina neno," akasema.

Hodi ikapigwa. Alikuwa Mwalimu Stumai, mpangaji mpya wa nyumba ya nyuma, mwenyeji wa Tanga, amehamishiwa shule ya hapa jirani mwanzoni mwa mwaka. Alikuwa amekuja kulichukua gauni lake, alilolileta kabla dada hajaacha kushona. Akatusalimia, shikamooni wazee wangu, akakaribishwa, akakaa ukingoni mwa kochi akiomba radhi kwa kuingilia ibada. Macho yake yakaenda kwenye TV. Watu wa kwetu hapo wangesema hongera. Mwalimu akakunja uso.

"Samahani jamani," akasema, "picha yenu mbona mbovu hivi? Mnaiangaliaje?"

Kajetani akakohoa. Mtu anawezaje kusema hivyo ndani ya nyumba ya mtu, zawadi ya mtoto, mbele ya mama yake? Mathias alitazama sakafu. Lakini dada akaacha shuka, akamsogelea yule mwalimu, akasimama mbele yake.

"Umesemaje, mwanangu?"

"Sikusudii vibaya, mama. Nasema picha ina ukungu. Nyuso zimevimba."

"Wewe unauona ukungu?"

Stumai akatutazama sote mmoja mmoja, amechanganyikiwa. "Nani asiyeuona?"

Dada akageuka. Sijawahi kusikia sauti yake ikiwa ndogo vile.

"Kajetani. Wewe unauona?"

Kajetani akavua kofia. "Mama Sixbert," akasema, "mimi kichwa kinaniuma tangu ile Jumapili ya kwanza. Lakini unaanzaje? Mtoto amejinyima huko, amemletea mama yake kitu, mimi niseme ni kibovu?"

"Leticia?"

"Nilidhani kubwa ndivyo zilivyo," Leticia akasema. "Nikasema tutazoea."

Mathias akakiri kwamba mpira alikuwa hauoni kabisa, alikuwa anashangilia wengine wakishangilia kwenye TV. Wote walikuwa wanauona. Kwa wiki zote zile, kwa adabu zao, walikaa mbele ya ukungu wakausifia, na dada yangu akafunga kamba ya kumpeleka chooni. Walburga akakaa sakafuni, pale pale, akafunika uso kwa mikono, na mabega yakawa yanatikisika. Hapo ndipo alipolia.

Mwalimu Stumai akaomba rimoti. Akaeleza kwamba chaneli nyingi bado zinarusha ile picha ya zamani, iliyokatwa kwa ajili ya TV ndogo. "Ni kama uchukue kitambaa cha gauni la mtoto, umvalishe mtu mzima," akamwambia dada. "Si lazima kivutike? Kwenye lile chogo lako kilikuwa kinakutosha. Lakini king'amuzi hiki alichokuletea mwanao kina chaneli ya HD pia, yenye picha kali, stesheni hiyohiyo, iko namba za huku mwisho. Hamjawahi kufika huku?"

Nani angefika huko? Dada aliijua namba moja, na alikuwa haiachi.

Mwalimu akabonyeza. Sebule nzima ikavuta pumzi.

"Aa," akasema Kajetani.

"Tazama nywele," akasema Leticia. "Unaweza kuzihesabu."

"Rudisha kule. Sasa lete tena. Mbingu na ardhi."

"Hereni," dada akasema, machozi yanamtiririka, anacheka. "Ima, amevaa hereni. Ona, zile pale. Umeona?"

Nikatazama. Mwalimu akarudisha namba ya zamani, watu wakaguna. Akaleta mpya, watu wakashangilia. Kule na huku, kule na huku. Mimi nilikuwa naona mama mmoja amevaa nguo ya bluu. Akienda kule ni yeye, akija huku ni yeye, uso uleule niliokuwa nauona tangu Jumapili ya kwanza, niliposema ni safi. Nikasubiri ibadilike. Nilifumba macho nikafumbua. Nilijisogeza mbele ya kiti. Watu wote wanaonyesha kwa vidole, na mimi sikuwa najua wanaonyesha nini.

"Umeona, Ima?" dada akauliza tena.

"Nimeona," nikasema. "Nzuri sana. Amependeza."

Neno lilipotoka nikalisikia. Mchele wa Nassoro ukanijia, na koti la Mathias, na zile balbu, vyote kwa pamoja.

Watu walikuwa wanacheka, wanakunywa chai, wanakivua cherehani shuka na kumtania dada kwamba alitaka kukivalisha nguo ya kipaimara. Leticia akaahidi kwenda kuvifuata vitambaa vya WAWATA kesho yake. Dada akachukua kisu jikoni, akasema kuna kitu anataka kukikata kabla giza halijaingia, akatoka nyuma. Nikamfuata. Jua lilikuwa bado lipo, la saa kumi na moja, na nilisikia kisu kinaanza kukwaruza manila kwenye nguzo.

"Dada, iache kwanza," nikasema.

"Niiache ya nini? Nianikie khanga fupi?" Alikuwa bado anacheka.

Nilikuwa nimeishika kamba kwa mikono miwili. Kicheko chake kikakatika. Uso wake uligeukaje sikuona, ingawa alikuwa hapo mlangoni tu. Nilisikia kisu kikiwekwa juu ya karo.

"Ima," akasema. "Zile hereni zilikuwa za rangi gani?"

"Sijui."

"Ulisema umeziona."

"Sijui, dada. Naogopa."

Akaja akasimama mbele yangu, akauchukua mkono wangu, akaushikisha kwenye gauni lake, kama nilivyoshika sketi yake utotoni. Kesho yake alfajiri tulikwenda hospitali hivyo hivyo, yeye mbele mimi nyuma. Wamenitia dawa machoni, wamenipima, wametupa tarehe ya kurudi, na dada hakuniruhusu kukataa. Tunasubiri. Gurudumu la cherehani nalisikia kila siku nikifika. Kamba haijakatwa, ina kovu la kisu pale kwenye nguzo, na mkono wangu ukilifikia lile kovu najua nimefika mlangoni.